Jinsi ya kuichambua 4,294,967,297 kwa kalamu, karatasi na kalkuleta ya dukani

Mtu akishafundishwa namba tasa, haipiti wiki anakuja na maswali yaleyale matatu. Nianze kugawa na ngapi? Nigawe mpaka wapi? Na nikichoka bila kupata kitu, nitajuaje kama namba ni tasa kweli au ni mimi tu sijafika? Nimeyajibu kwa mdomo, nimeyajibu kwa ujumbe wa sauti, na siku moja niliyajibu juu ya karatasi iliyokuwa imefungia vitumbua. Sasa nayaandika mara moja yaishe.

Tutatumia namba moja tu, mwanzo mpaka mwisho: 4,294,967,297. Sikuiokota njiani. Mfaransa Pierre de Fermat aliamini mnamo 1640 kwamba namba hii na ndugu zake zote (namba zilizoundwa kama yenyewe, tutazikuta hatua ya 4) ni tasa. Karibu karne nzima ikapita bila mtu kuonyesha vinginevyo, mpaka mwanahisabati Leonhard Euler alipoipasua (alipoionyesha kuwa ni zao la namba mbili) mwaka 1732, kwa mkono, bila kalkuleta. Leo utafanya alichofanya yeye, na ukitulia utamaliza kabla chai haijapoa.

KABLA YA KUANZA

Andaa vitu hivi:

- Karatasi yenye mistari ya miraba, au daftari lolote. Tarakimu zinapopishana safu, hesabu imekwisha.
- Kalkuleta. Ile ndogo ya dukani ya tarakimu 8 inatosha. (Nasema kalkuleta makusudi, neno kikokotoo siku hizi Tanzania likitajwa tu, watu wanaanza kuzungumzia pensheni.)
- Uwezo wa kugawa kwa njia ndefu, ile ya darasa la nne. Kama umeisahau, fanya mifano miwili midogo kwanza.
- Maneno manne: namba tasa (inagawanyika kwa 1 na yenyewe tu), kigawo (namba inayoigawa nyingine bila baki), baki, na kipeuo cha pili (namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata uliyonayo). Usichanganye kigawo na kigawe (namba inayogawanywa bila baki). Waliosoma KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS (kigawe kidogo cha shirika) wanajua balaa la kuchanganya hayo mawili.

HATUA KWA HATUA

1. Isome namba kwa sauti.

Bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na elfu sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Usicheke. Asiyeweza kuisoma namba huikosea anapoinakili, na kosa la kunakili halionekani mpaka mwisho. Hesabu tarakimu: ziko 10. Andika kwa mafungu ya tatu tatu: 4 | 294 | 967 | 297. Mafungu haya tutayahitaji sasa hivi.

2. Ondoa vigawo vidogo bila kugawa.

Inaishia na 7, kwa hiyo ni witiri: 2 imetoka. Haiishii na 0 wala 5: 5 imetoka. Jumlisha tarakimu: 4+2+9+4+9+6+7+2+9+7 = 59. Hiyo 59 haigawanyiki kwa 3, basi na namba yetu pia haigawanyiki.

Kwa 7, 11 na 13 wengi huanza kugawa mara tatu. Kuna njia ya kuziua zote kwa pigo moja. Chukua mafungu yako kuanzia kulia, toa, jumlisha, toa:

297 − 967 + 294 − 4 = −380

Sasa angalia 380 tu. Kwa 7 inabaki 2, kwa 11 inabaki 6, kwa 13 inabaki 3. Hakuna hata moja iliyoingia, kwa hiyo hakuna hata moja inayoigawa namba yetu. Siri yake ni kwamba 7 × 11 × 13 = 1,001.

Onyo: ni lazima uanzie kulia. Ukianzia kushoto unaweza kupata alama ya kinyume, na ukitafuta baki halisi utalikosa.

3. Weka mpaka.

Hapa ndipo swali la "nigawe mpaka wapi" linapojibiwa. Namba ikiwa zao la namba mbili, ndogo kati ya hizo haiwezi kuzidi kipeuo cha pili. Kipeuo cha pili cha 4,294,967,297 ni 65,536 na punje kidogo. Kwa hiyo ukizijaribu namba tasa zote mpaka 65,536 bila mafanikio, namba yako ni tasa.

Habari mbaya ni kwamba namba tasa zilizo chini ya 65,536 ziko 6,542. Kwa kalamu, hiyo ni likizo nzima. Wengi hukata tamaa hapa, na siwalaumu. Lakini usianze kugawa bado.

4. Uliza namba imeundwaje.

Hii ndiyo hatua ninayotaka uibebe, hata ukizisahau nyingine. Namba kubwa ambayo mtu amekupa mara nyingi ina asili, na asili hiyo inakwambia vigawo vyake vinafananaje. Umeshaona kwamba kipeuo chake ni 65,536 na kitu kidogo. Zidisha 65,536 kwa 65,536: unapata 4,294,967,296. Pungufu ya 1 tu! Na 65,536 yenyewe ni 2¹⁶. Basi namba yetu ni

2³² + 1

Ndugu zake wanaoitangulia ni 3, 5, 17, 257 na 65,537: kila mmoja ni 2 iliyopandishwa kwa 1, 2, 4, 8 au 16, kisha ikaongezwa 1. Hao watano ni tasa wote, na ndio waliomdanganya Fermat. Yule wa 17 ndiye aliyempa umaarufu kijana Carl Friedrich Gauss mwaka 1796, alipoonyesha kwamba umbo sawa la pande 17 linachoreka kwa rula na bikari peke yake.

Kuna zawadi ndogo hapa. Zidisha hao watano pamoja: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 = 4,294,967,295. Ni namba yetu ukitoa 2. Kwa hiyo ukiigawa namba yetu kwa yeyote kati yao, baki ni 2 daima. Wote watano nje, bila jasho.

5. Andika orodha ya washukiwa.

Nadharia ni hii tu, na sitaongeza. Kama namba tasa p inaigawa 2³² + 1, basi ukizidisha 2 mfululizo huku ukibakiza baki kwa p, unarudi kwenye 1 kwa mara ya kwanza kwenye kipeo cha 64 (kipeo ni idadi ya 2 ulizozidisha). Na kwa kanuni ya Fermat mwenyewe, kwenye kipeo cha p − 1 lazima uwe umerudi kwenye 1. Hivyo 64 inaigawa p − 1. Yaani kila kigawo tasa ni cha umbo

64 × kitu + 1

Fikiria: chombo kilichobomoa dai la Fermat alikitengeneza Fermat.

Sasa andika: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641... Futa zisizo tasa. 65, 385 zinaishia na 5. 129, 321, 513 zinagawanyika kwa 3. Wanabaki 193, 257, 449, 577, 641. Kutoka majaribio 6,542 tumeanza na foleni ya watu watano.

Onyo: wanaoanza huandika 64, 128, 192 wakasahau ile +1. Ukiona washukiwa wako wote ni shufwa, umeisahau.

6. Pima kila mshukiwa kwa kukwea.

Kalkuleta ya tarakimu 8 haiwezi hata kuibeba namba yetu. Haina shida, hatutaiingiza. Tunapanda ngazi: 2, 4, 16, 256, 65,536, na ngazi inayofuata ni 2³². Kila ngazi ni ile iliyotangulia mara yenyewe. Kwa hiyo chukua baki la 65,536, lizidishe kwa lenyewe, chukua baki tena, ongeza 1.

Jinsi ya kupata baki kwa kalkuleta isiyo na kitufe chake, kwa mfano 65,536 kwa 641: gawa, unaona 102.24 na kuendelea. Chukua 102 tu, desimali ziache. 102 × 641 = 65,382. Kisha 65,536 − 65,382 = 154. Baki ni 154.

Matokeo yangu haya hapa, linganisha na yako:

193: baki 109; 109 × 109 = 11,881, baki 108; ongeza 1 unapata 109. Hapana.
257: baki 1; 1 × 1 = 1; ongeza 1 unapata 2. Hapana (na tulishajua).
449: baki 431; 431 × 431 = 185,761, baki 324; ongeza 1 unapata 325. Hapana.
577: baki 335; 335 × 335 = 112,225, baki 287; ongeza 1 unapata 288. Hapana.
641: baki 154; 154 × 154 = 23,716, baki 640; ongeza 1 unapata 641, yaani baki 0.

Huyo hapo. Mara ya kwanza nilipoifanya hii mwenyewe nilirudia mstari wa mwisho mara tatu, kwa kuwa ile 640 inatokea ghafla mno.

7. Sasa gawa kwa njia ndefu.

Gawa 4,294,967,297 kwa 641, tarakimu moja moja:

4294: inaingia mara 6 (3846), baki 448.
Shusha 9: 4489, mara 7 (4487), baki 2.
Shusha 6: 26, mara 0.
Shusha 7: 267, mara 0.
Shusha 2: 2672, mara 4 (2564), baki 108.
Shusha 9: 1089, mara 1, baki 448.
Shusha 7: 4487, mara 7, baki 0.

Jibu: 6,700,417.

Onyo kubwa kuliko yote: zile sifuri mbili katikati. Nimewahi kusahihisha rundo la madaftari ambamo karibu nusu waliandika 67,417. Mbaya zaidi, ukaguzi wa kutoa tisa (ule wa kulinganisha jumla za tarakimu) haulikamati kosa hili: 6,700,417 na 67,417 zote zina jumla ya tarakimu 25. Kagua kwa ukubwa. 641 mara 67,000 ni kama milioni 43, nawe ulikuwa unatafuta bilioni nne.

8. Je, 6,700,417 nayo inapasuka?

Usisimame kwenye kigawo cha kwanza ukadhani umemaliza. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 ni 2,588 na kitu. Kigawo chochote tasa cha namba hii ni kigawo cha namba yetu kubwa pia, kwa hiyo nacho lazima kiwe cha umbo lilelile. Édouard Lucas alikaza sheria hii katika karne ya 19: si 64 × kitu + 1 tu, ni 128 × kitu + 1. Laiti tungeitumia tangu mwanzo, foleni ingekuwa 257 na 641 peke yao, lakini nilitaka upate mazoezi.

Chini ya 2,588, tasa za umbo hilo ni tano tu. Gawa:

257: baki 170
641: baki 44
769: baki 120
1,153: baki 334
1,409: baki 622

Hakuna iliyoingia. 6,700,417 ni tasa, na kazi ya kupasua imekwisha: 4,294,967,297 = 641 × 6,700,417.

9. Vuna sifa zilizobaki.

Ukishakuwa na vigawo tasa, mengine ni ya haraka.

Vigawo vyote ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na namba yenyewe. Jumla yake ni 642 × 6,700,418 = 4,301,668,356. Ukiiacha namba yenyewe, vinabaki 6,701,059, kiasi kidogo mno kuliko namba. Kwa hiyo ni namba pungufu, tena pungufu haswa. Namba kuanzia 1 mpaka yenyewe ambazo hazishirikiani nayo kigawo chochote isipokuwa 1 ni 640 × 6,700,416 = 4,288,266,240. Na ukiiandika kwa mfumo wa kompyuta wa 0 na 1, ni 1, kisha sifuri 31, kisha 1.

10. Iandike kama jumla ya miraba miwili, kwa njia mbili.

Hii si lazima, lakini ndiyo sehemu ninayoipenda. Mraba hapa ni namba mara yenyewe. Njia ya kwanza unaiona bila kuhangaika: 65,536² + 1². Ya pili imejificha, na tunaichimba kutoka kwenye vigawo.

641 ni rahisi: 25 × 25 = 625, inabaki 16, ambayo ni 4 × 4. Basi 641 = 25² + 4².

Kwa 6,700,417, anza na 2,588 ukishuka, kila mara ukitoa mraba wake na kuangalia kama kinachobaki ni mraba. Usijaribu zote. Mraba hauishii na 2, 3, 7 wala 8, hivyo jaribu zinazoishia na 1, 4, 6 au 9 tu. Jaribio la kumi na tatu linafika 2,556: mraba wake ni 6,533,136, kinabaki 167,281, nacho ni 409 × 409. Basi 6,700,417 = 2,556² + 409².

Sasa zidisha kwa kupishana:

25 × 2,556 = 63,900 na 4 × 409 = 1,636
25 × 409 = 10,225 na 4 × 2,556 = 10,224

Jumlisha mstari wa kwanza: 65,536. Toa mstari wa pili: 1. Hiyo ni njia tuliyokuwa nayo. Geuza: toa mstari wa kwanza, jumlisha wa pili. Unapata 62,264 na 20,449.

Hakiki: 3,876,805,696 + 418,161,601 = 4,294,967,297. Na tazama, 20,449 yenyewe ni 143 × 143. Sijui ufanye nini na habari hiyo, ila nimeona nisikunyime.

UKIKWAMA

Kalkuleta inaandika E. Umeingiza namba inayozidi uwezo wake. Rudi hatua ya 6. Hakuna hesabu pale inayozidi tarakimu 6.

Simu inaandika 4.294967297E9. Hilo si kosa. Maana yake ni sogeza nukta nafasi tisa kulia.

Programu uliyoandika inatoa 1 badala ya 4,294,967,297. Umetumia namba ya biti 32. Chombo hicho kinaishia 4,294,967,295, kisha kinazunguka na kuanza 0. 2³² inakuwa 0, ukiongeza 1 ni 1. Tumia namba ya biti 64.

Programu inasema namba ni tasa. Huenda inatumia kipimo cha haraka: pandisha 2 kwa kipeo ambacho ni namba ukitoa 1, gawa kwa namba, baki likiwa 1 sema "tasa". Namba yetu inafaulu kipimo hicho ingawa si tasa, na wanaotoka kwenye umbo hili wote wanakifaulu. Badilisha 2 uweke 3, uongo utafichuka.

Mabaki yako ya hatua ya 6 hayafanani na yangu. Mara tisa kati ya kumi umekadiria desimali kwenda juu. Ukiona 145.96 chukua 145, si 146. Baki likitoka hasi, ndicho ulichofanya.

641 haikutoa 0. Hakikisha ulizidisha 154 kwa 154, si kwa 2. Kukwea ngazi ni kuzidisha kwa lenyewe.

Unataka nyingine ya kujaribu? Ndugu anayefuata ni 2⁶⁴ + 1, yaani 18,446,744,073,709,551,617. Vigawo vyake tasa ni vya umbo la 256 × kitu + 1, na ngazi ya kukwea inaongezeka moja. Fortuné Landry aliitangaza imepasuka mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 82. Utahitaji kalkuleta ya tarakimu zaidi ya 10, maana kigawo kidogo ni 274,177. Ukianza foleni kutoka mwanzo, yeye ni wa 1,071. Ukitaka kuthibitisha tu, mrukie moja kwa moja.